Kii ya E iliponikuta na saksafoni shingoni

Nilinunua saksafoni nikiwa na miaka 39. Mama wa watoto wawili, mhasibu, mpangaji Tabata kwenye nyumba ambayo ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jirani. Nayataja haya mapema ili anayesoma asije akadhani nilikuwa na nafasi au kipaji. Nilichokuwa nacho ni hamu, na hiyo niliirithi kwa marehemu baba. Jumamosi jioni alikuwa anafungulia redio kaseti, Msondo, Sikinde, na Wakongo wa enzi za mpiga saksafoni Verckys, halafu saksafoni ikiingia ananyoosha kidole juu: "Msikilizeni huyo mdomo wa bata." Ndilo jina wazee wa dansi walilokipa chombo hiki, na ukikitazama ubavuni huwezi kuwalaumu.

Nilinunua alto, aina mojawapo ya saksafoni, iliyotumika, Kariakoo, laki sita na nusu. Muuzaji alibonyeza vitufe viwili vitatu, tak tak tak, akasema, "Iko freshi kabisa dada." Sikuipuliza maana sikujua kupuliza. Nenda na mtu anayejua, hata ukimlipa nauli na soda. Mimi siku hiyo niliona nimeokoa elfu ishirini ya kumsumbua mtu, nikaja kulipa laki na ushee. Nitafika huko.

Mwalimu nilimpata mmoja, elfu thelathini kwa saa, na nafasi yake ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi natoka kazini saa kumi na moja. Nikasema basi, simu itanifundisha.

Programu ya kwanza ilikuwa ya bure, ya picha za vidole. Unagusa noti, na saksafoni iliyochorwa inawasha vitufe vya kubonyeza. Kwa kazi hiyo moja sina malalamiko. Watoto wakilala nilikaa kitandani na chombo bila kupuliza, nabonyeza huku nikitaja jina. B, kidole cha shahada cha kushoto peke yake. A, ongeza cha kati. G, ongeza cha pete. Halafu mkono wa kulia unaingia kwa mtindo uleule, F, E, D, na kidole cha mwisho kinashuka kufunga C ya chini. C ya kati ina ukorofi wake, ni kidole cha kati cha kushoto peke yake, na C# (C sharpu, nusu hatua juu ya C) haina kidole hata kimoja, chombo kinabaki wazi chote. Kuanzia D ya kati unaongeza gumba la kushoto kwenye kitufe cha oktava, kinachozipandisha noti zilezile ngazi ya juu, vidole vinarudia safari ileile. Baada ya siku kumi vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Nilijikuta kwenye daladala nabonyeza G kwenye mkanda wa mkoba, kaka aliyekaa pembeni ananitazama.

Kosa la picha hizo nililiona baadaye. B flati, nusu hatua chini ya B, ilikuwa na picha moja tu, ile ya kushika A halafu kugusa kitufe cha pembeni kwa mkono wa kulia. Nikaishika hiyo kama amri. Kumbe kuna njia nyingine: kidole cha shahada cha kushoto kinalala kwenye B pamoja na kitufe kidogo kilicho chini yake, na mkono wa kulia haushughuliki kabisa. Kwenye skeli ya F, yaani noti zinazopanda kwa mpangilio kuanzia F, hiyo ya pili ni nyepesi mno. Ya pembeni inafaa unapopanda A, B flati, B kwa mfululizo. Miezi mitatu nilipiga F kama mtu anayefungua mlango kwa kiwiko. Programu yoyote unayotumia, tafuta kama ina vidole mbadala, na kama haina, tafuta nyingine.

Kupuliza kwenyewe ndiko kulikonitoa jasho. Niliuziwa ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka kwenye kipulizio, namba 3, nikadhani namba kubwa ndiyo bora. Midomo ikavimba, sauti ikawa ya kuku anayeswagwa. Anayeanza achukue namba 2, au hata moja na nusu. Na jirani, mama wa watu, alivumilia siku nne. Siku ya tano akagonga: "Mama nanihii, kuna nini huko ndani?" Nikajaribu kusokomeza kanga kwenye mdomo wa saksafoni. Haisaidii. Sauti inatokea kwenye matundu yote ya mwilini, huko mwisho ni sehemu ndogo tu, na noti za chini ndizo zinazokufa. Nilihamia chumba cha kwaya kanisani, saa kumi na moja na nusu, kabla wenzangu hawajafika.

Mwezi wa pili nikapakua tyuna, nijue kama noti zangu ziko sawa. Nikapuliza C. Simu ikaandika D#. Nikapuliza G, ikaandika A#. Nikarudia, nikabana mdomo, nikalegeza, ikabaki vilevile. Nikajua nimeuziwa chombo kibovu. Jumamosi nikabeba sanduku mpaka Kariakoo, nikamkabili yule muuzaji mbele ya wateja wake. Yeye naye hakujua kinachoendelea, kwa hiyo tulibishana watu wawili wajinga, kila mmoja akiwa na uhakika. Aliniahidi kunipunguzia bei ya ridi ili niondoke.

Jambo lenyewe ni hili. Saksafoni ni familia, soprano, alto, tena, baritoni, na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza yake Ufaransa mwaka 1846, alizitengeneza hivyo. Noti iliyoandikwa inashikwa kwa vidole vilevile kwenye kila mmoja wao, mtu akihama kutoka ndogo kwenda kubwa asianze upya. Bei ya raha hiyo ni kwamba jina la noti yako na sauti anayoisikia mpiga kinanda si kitu kimoja. Alto ni ya E flati: wewe unapuliza C, kinanda kinasikia E flati, ambayo simu nyingi huiita D#. Saksafoni ya tena ni ya B flati, C yake kwenye kinanda ni B flati. Tyuna nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya chombo, unaweka E flati na simu inaanza kusema lugha yako. Dakika moja ya kuzama kwenye mipangilio ingeniokolea nauli na aibu.

Ila zoezi moja lifanye ukiwa umeirudisha kwenye hali ya kinanda. Chomoa kipulizio, kipulize peke yake bila mwili. Kwenye alto kinatakiwa kukaa karibu na A, hezi 880. Ukiwa juu unabana sana, ukiwa chini umelegea mno. Hakuna picha ya vidole inayokueleza habari za mdomo, na mimi nilivyoanza dakika tano za zoezi hilo kila siku, yule kuku alipona ndani ya wiki tatu.

Baada ya hapo nikanogewa, nikaingia kwenye programu ya tatu, ile inayokusikiliza kwa maikrofoni na kukuwekea rangi ya kijani ukipatia. Siku 7 za bure. Nikasahau kuifuta, kadi ikakatwa ya mwaka mzima, zaidi ya laki. Siitaji jina kwa kuwa kosa nalihesabu langu: weka kengele kwenye simu siku ya sita.

Kwa kuwa nimeshalipa, nikaitumia kwa hasira. Inakupa skeli, mdundo unagonga, noti zinapita, unafuata. Mwanzoni iliniambia nachelewa kila noti. Nikajilaumu wiki nzima, kumbe nilikuwa nasikiliza mdundo kwa spika ya Bluetooth, ambayo sauti inaifikia imechelewa. Nilipoweka hedifoni za waya, nikawa mtu wa wakati ghafla. Kisha alama zikapanda, skeli ya C, ya G, ya D, F, B flati. Asilimia 95, 98. Nikawa napiga picha kioo na kumtumia dada yangu.

Halafu siku moja nikajirekodi kwa kinasa sauti cha kawaida cha simu, bila kijani wala alama. Nilitamani kuificha ile rekodi. Kwenye skeli ya D kuna mahali unatoka C#, ambako hakuna kidole, unaingia D, ambako vidole sita na gumba vinashuka pamoja. Yangu havikuwa vinashuka pamoja. Katikati palikuwa na kikohozi, "tii-krr-aa", kila nikipita. Programu ilikuwa inasubiri noti itulie, inaipa kijani. Kikohozi haikukihesabu. Na kuna siku nilipiga skeli nzima oktava ya chini ikanipa 98 ileile. Tangu siku hiyo alama naziangalia kama ninavyoangalia hesabu zilizolingana kwa bahati: nazirudia kwa mkono.

Mwezi wa tano noti za chini zikagoma. D inatoka kwa mbinde, C haitoki, na programu inaandika nyekundu. Nilikazana vidole mpaka vikawa na alama za vitufe. Katibu wa kwaya ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Magomeni aliyepulizia bendi za dansi ujana wake na sasa anatengeneza vyombo uani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kilete nikione."

Hakukipuliza. Alichomoa shingo, akazima taa ya chumba, akatumbukiza kitaa kidogo chenye waya ndani ya tumbo la saksafoni, akabonyeza vitufe kimoja kimoja kama daktari anayepapasa. Akaniita karibu. Kwenye giza lile, chini ya pedi ya F, kile kizibo laini kinachoziba tundu, mstari wa mwanga ulikuwa umekaa kama ufa wa mlango. Kwenye pedi ya juu yake kuna nuru nyingine, nyembamba zaidi.

"Vidole vyako havina kosa," alisema. "Upepo unatorokea hapa. Utakazana mpaka uvunjike mkono."

Pedi nne, laki na ishirini. Wiki tano nilizojilaumu sikuzidai. Programu inasikia sauti tu. Haiwezi kujua kama tatizo ni kidole au pedi iliyokauka, hivyo noti moja ikigoma siku tatu mfululizo huku za juu yake ziko salama, mpelekee mtu mwenye kitaa. Mzee alinipa na dawa ya pedi ya G# inayoganda kila asubuhi kwa unyevu wa Dar: karatasi nyembamba, ibane chini ya pedi taratibu, iachie, rudia.

Nikajiona nimeiva. Mwezi wa saba kiongozi wa timu ya kusifu akaniambia, "Mama, Jumapili uingie na sisi." Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Watoto wamekaa mbele. Mpiga gitaa, kijana wa miaka ishirini hivi, akageuka: "Tunaanza na E, halafu tunapanda."

Nilikuwa najua mambo ya E flati kufikia hapo, kwa hiyo nilianza kuhesabu kichwani. E ndiyo kii, noti ambayo wimbo unajengwa juu yake: E ya gitaa, kwangu ni C#. Skeli ya C# kwenye programu ilikuwa mwisho kabisa wa orodha, ngazi ambazo hazifunguki mpaka umalize zilizotangulia. Sikuwahi kufika. Sharpu saba. Wimbo ukaanza, nikatafuta noti ya kwanza, nikapata nyingine, mama mmoja wa safu ya pili akakunja uso. Nilivua kipulizio nikajifanya narekebisha ridi. Nilirekebisha ridi hiyo nyimbo tatu.

Jumatatu jioni nilikuwa Magomeni. Nilimweleza mzee yote, nikategemea atacheka. Aliniuliza swali moja: "Huko kwenye kwaya unaimba sauti gani?"

"Alto, mzee."

"Kwa nota?"

"Ndiyo. Do re mi."

"Sasa ukipewa wimbo wa E, do iko wapi kwenye hiyo saksafoni?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na tano nimeimba kwa nota, d, r, m za kutoa kopi, mwalimu akibadili do tunahama naye bila kuuliza. Na miezi saba nimepiga skeli. Sikuwahi kuvikutanisha. Kwenye simu nilikuwa nafuata herufi na rangi, kwenye kwaya nafuata sauti.

Mzee akamwita mjukuu wake aje na gitaa. "Gonga uzi wa kwanza, ule mwembamba, bila kushika kitu." Akagonga. Akanigeukia: "Wewe toa vidole vyote. Vyote. Puliza."

Nilipuliza C#, saksafoni ikiwa wazi kama tarumbeta ya mtoto. Ikawa sauti ileile ya uzi. Yangu ilishuka kidogo, akaniambia niipandishe kwa mdomo, zikagusana.

"Hiyo ndiyo do ya E," alisema. "Imba kutoka hapo, halafu tafuta ulichoimba."

Niliimba do re mi fa so, nikazitafuta moja moja. Ilichukua nusu saa kuipata skeli ambayo niliikimbia mbele ya kanisa zima, na do yake haihitaji hata kidole. Alinionyesha pia dawa ya kile kikohozi: ukiwa kwenye C# na unajua D inakuja, vidole vya mkono wa kulia viache chini vinasubiri. Sauti ya C# haibadiliki kiasi cha kumsumbua mtu, na kazi inayobaki ni ya mkono mmoja.

Programu sikuzifuta. Nilizipangia kazi upya. Kwanza nilimuuliza mpiga gitaa kii ambazo timu yetu inazitumia kweli: E, G, D, A, mara chache C. Gitaa linapenda hizo kwa sababu ya nyuzi zake za wazi. Kwa alto kanuni ni kuongeza sharpu tatu. C ya bendi inakuwa A, sharpu tatu. G inakuwa E, sharpu nne. D inakuwa B, sharpu tano. A inakuwa F#, sharpu sita. E inakuwa C# yenye saba, au ukiiandika D flati, flati tano kwa vidole vilevile, na macho yanapumzika. Mwenye saksafoni ya tena aongeze mbili. Ukiangalia orodha ya skeli "za mwanzo" kwenye programu nyingi, C, G, F, hizo zinafaa bendi zenye vyombo vya kupuliza vingi, ambako B flati na E flati ndizo kawaida. Ukiwa unapiga na magitaa, anzia mwisho wa orodha urudi nyuma.

Kwa hilo nilihamia MuseScore kwenye laptopu, ni programu ya bure ya kuandika muziki. Unachagua alto saksafoni, unaandika wimbo, na kuna kitufe cha kubadilisha kati ya sauti ya bendi na noti za chombo chako. Naandika skeli moja kwa wiki, narudisharudisha mapigo 60 kwa dakika, nikipita mara tano bila kikohozi naongeza manne. Naimba kwanza kwa nota. Napiga nikitazama. Kisha nafunga laptopu napiga tena. Mwanzoni ile ya tatu ilikuwa inaniangusha hata kwenye skeli niliyopata 98. Dakika ishirini na tano kwa siku, siku tano kwa wiki, zaidi ya hapo midomo inagoma na watoto wanataka chakula.

Jumapili nilirudi baada ya miezi miwili. Sikupiga mapambo, nilifuata sauti ya alto ya kwaya, nilipopotea nilirudi kwenye do nikasubiri. Mama wa safu ya pili hakugeuka.

Kitu kimoja cha mwisho. Nilikuwa na wimbo wa dansi kwenye laptopu, wenye kipande cha saksafoni nilichokuwa nimeshindwa kukinakili kwa kasi yake. Nikamwonyesha mzee Audacity, programu nyingine ya bure, inapunguza mwendo bila kuzishusha noti. Nikaiweka asilimia 60. Alikaa kimya akisikiliza, vidole vyake vinacheza kwenye goti. Kipande kilipoisha akaniomba nirudishe. Kisha tena.

"Hapo," alisema, akanishika mkono nisimamishe. "Umesikia? Alivuta pumzi katikati. Miaka yote hii nilidhani huyu bwana hapumui."

Alhamisi amenipigia. Ana kanda sita, anauliza kama hiyo mashine yangu inameza kaseti.